Chai ya Mkia

Kila siku ya kazi Mwanaheri aliianza kwa kugombana na tangawizi. Kabla hakujapambazuka vizuri yeye alikuwa anatwanga, na mama yake, Zuleha, alikuwa anapuliza moto chini ya sufuria kubwa jeusi. Tangawizi ilimrukia machoni, moshi ukamwingia puani, na mama hakuwa na huruma na pua ya mtu.

"Twanga, mwanangu. Haijitwangi yenyewe."

Mdalasini ulitoka Kinole, kule milimani, kwa bibi yake. Majani ya chai walinunua dukani kwa Hafidhi, na pakiti moja kubwa iliwatosha karibu wiki nzima. Chai ikishaiva waliichuja na kuijaza kwenye chupa nne kubwa, kisha mama na binti wakashika njia kutoka Bigwa hadi mjini Morogoro, mama na ndoo ya maandazi kichwani, binti na kikapu cha vikombe mkononi. Mwanaheri alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la sita, zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi yake yote ilikuwa mali ya mama yake.

Waliuzia kwenye kibaraza cha ofisi moja ya serikali. Tangu baba yake Mwanaheri afariki, kibaraza kile ndicho kilichokuwa kinawalisha. Unga, kodi ya chumba, madaftari na sare ya shule, vyote vilitoka kwenye chupa zile nne. Zuleha alikuwa akisema kibaraza kile ndicho shamba lake.

Mteja wa kwanza siku zote alikuwa Mzee Mikidadi, tarishi wa ofisi, mzee mwembamba aliyebakiza miaka michache kustaafu.

"Mama Mwanaheri, chai hii umepika au umeogea?"

"Nimeogea, halafu nikachujia kanzu yako ya Idi," Zuleha alijibu bila hata kuinua macho.

Watu walicheka mpaka maandazi yakawapalia. Ukoo wa Mzee Mikidadi na ukoo wa Zuleha walikuwa watani tangu enzi za mababu kule milimani, na mtani haruhusiwi kukasirika. Mtani hata akikutania msibani, unameza mate na kucheka. Ndivyo walivyoishi wawili wale, kila asubuhi matusi ya kuchekesha, na hapakuwa na asubuhi ambayo mzee alisahau kulipa.

Mwaka ule maduka yalikuwa yamefurika. Watu waliowahi kupanga foleni ya sabuni tangu alfajiri sasa walisimama mbele ya rafu wasijue washike nini. Kulikuwa na biskuti za kopo, sabuni za kila rangi, na chai kutoka nje iliyofungwa kifuko kimoja kimoja, kila kifuko na uzi wake, na kila uzi una kikaratasi cha dhahabu mwishoni. Unaweka kifuko kwenye kikombe, unamimina maji ya moto, basi, umemaliza. Watu wa Morogoro hawakukawia kuipa jina. Waliiita chai ya mkia.

Ndipo akaja Bi Margareth, afisa utawala mpya, aliyehamishwa kutoka Dar es Salaam. Alikuwa mchapakazi kwelikweli, ila alikuwa na haraka na kila kitu. Siku ya tatu alitoka kibarazani, akafungua chupa moja, akachungulia ndani kwa jicho moja.

"Mama, chai hii unachujia nini?"

"Chujio, bosi."

"Na hilo chujio limelala wapi usiku, nani anajua? Kipindupindu kinazunguka nchi nzima na ninyi mnakunywa chai ya sufuria! Kuanzia Jumatatu nataka ya vifuko. Kila mtu na kifuko chake, anakiona kwa macho yake. Ni safi na ni haraka. Kama huwezi, wapo wanaoweza."

"Naweza, bosi. Ila bei itabidi..."

"Bei ibaki palepale. Mishahara ya watu unaijua." Akaingia zake ndani.

Sikia hiyo! Mtu anakuagiza uchinje ng'ombe, halafu anataka kulipa bei ya kuku. Zuleha alisimama na kifuniko cha chupa mkononi, midomo inamcheza. Lakini angesema nini? Kibaraza kilikuwa cha ofisi, na yeye alikuwa mpangaji asiye na karatasi.

Mwanaheri, tuseme ukweli, alifurahi. Hakuna kutwanga tena! Hakuna kusugua sufuria hadi kucha zinakuwa nyeusi! Jumatatu ile aliamka saa kumi na mbili, maji yakachemka, yakaingia kwenye chupa, safari. Ofisi nzima ilikuwa inachovya na kuinua, inachovya na kuinua.

"Tunakunywa chai au tunavua samaki?" akauliza Mzee Mikidadi.

"Wewe chovya tu, ukipata kambare uniite," akajibu Zuleha.

Kila mtu alikuwa na namna yake ya kucheza na mkia. Jesca, mpiga chapa, alikunja kikaratasi akachokolea meno. Laurenti, mhasibu, mtu wa mawazo mengi, alikuwa anashika uzi na kuufunga mafundo matatu huku anawaza hesabu zake, wala hajui kama anafanya hivyo.

Raha ile haikufika mbali. Boksi moja lilikuwa na vifuko ishirini na tano, na wanywaji walipita thelathini. Pakiti ya majani iliyokuwa inawatosha wiki ingewagharimu chini ya boksi moja, na boksi moja halikumaliza hata asubuhi moja. Ijumaa walipofika nyumbani Zuleha alikunjua kitambaa cha hela, akakitazama, akakikunja tena. Kisha akakitupa juu ya kitanda.

"Wiki nzima nimemfanyia kazi Hafidhi!" alifoka. "Yeye kauza maboksi, mimi nimechemsha maji. Bosi kapata usafi wake, wateja wamepata mikia yao. Mimi nimepata nini? Nimepata nini, Mwanaheri?"

Mwanaheri alikuwa hajawahi kumwona mama yake akilia kwa hasira. Machozi ya huzuni angeyapooza kwa maneno mawili matatu, lakini haya yalimtisha, yakamwasha na yeye moto kifuani. Usiku ule alilala anamchukia Bi Margareth, viatu vyake, kalamu zake, na sauti yake ya "bei ibaki palepale."

Jumatatu, wakati anaosha vikombe, aliviona vifuko vilivyotupwa. Vilikuwa vimenona, vyeusi, vimechovywa mara mbili na kuachwa. Alikiminya kimoja. Rangi ikatoka, nzuri tu, nyekundu iliyoiva.

"Anataka mkia, siyo?" alisema peke yake. "Basi nitampa mkia."

Alivikusanya kwenye mfuko wa rambo. Nyumbani, mama yake alipokwenda kisimani, alivianika juu ya bati la jiko, akavigeuza kama dagaa, akanyoosha nyuzi moja moja. Vikaratasi vilivyochakaa alivikata, akashona vipya alivyovikata kwenye mfuniko wa boksi. Kazi yake ilikuwa safi. Laiti angeufanya ufundi ule kwenye daftari la hisabati!

Kesho yake ofisini, mama yake alikaa nje kama kawaida, akiuza maandazi na kupokea hela. Mwanaheri ndiye aliyepanga vikombe kwenye sinia, akatia vifuko, akamimina maji, akapeleka vyumbani. Akafika mlangoni kwa Bi Margareth na kikombe chenye kifuko cha jana. Bi Margareth alikuwa anasoma barua kwa makini, mstari kwa mstari, miwani puani. Mwanaheri akaogopa ataona. Akarudi kibarazani, akamwaga, akaweka kifuko kipya.

Sasa vile vya zamani vitakwenda wapi? Jesca? Jesca ana mdomo. Laurenti? Laurenti ni mhasibu. Wakabaki watatu: Mzee Mikidadi, Issa dereva, na Mwajuma anayefagia vyoo. Hawa hawatazami sana, Mwanaheri alijiambia, na hata wakitazama hawasemi. Akawapelekea.

Ona mambo ya dunia! Hasira zilikuwa kwa Bi Margareth, lakini aliyenyweshwa ni Mzee Mikidadi. Mkubwa amepita salama na chai yake mpya, na mnyonge, aliyetoa shilingi zilezile, akapewa maji ya mabaki ya mwenzake. Mwanaheri aliuita ujanja. Ulikuwa wizi, na tena wizi wa kuchagua asiyepiga kelele.

Baada ya siku chache Zuleha alishangaa. "Mbona boksi siku hizi linachelewa kuisha?"

"Wengine wanapenda nyepesi, mama. Kifuko kimoja nawachovyea wawili, wenyewe wanasema sawa."

Zuleha alimtazama kidogo. Kodi ya chumba ilikuwa inadaiwa. Akasema "Haya," na hakuuliza tena.

Masika yakaingia. Mawingu yalikaa juu ya mlima Lupanga, hayataki kuondoka, na juu ya bati hakukauki kitu. Mwanaheri akaanza kuvitundika vifuko kwenye kikapu juu ya moto wa kuni, nyuma ya masufuria. Vikakauka, ila vikanuka moshi.

"Mama Mwanaheri," alisema Mzee Mikidadi asubuhi moja, "chai yangu inanuka moshi."

"Hiyo ni ndevu zako zimeungua, mzee."

Watu wakacheka. Siku ya pili alisema chai yake haina rangi. Zuleha akamwambia ni macho yake yamepauka. Watu wakacheka tena. Siku ya tatu akasema tumbo lilimsumbua, Zuleha akasema ni mke wake anamlisha mawe. Maskini mzee! Alikuwa anasema kweli tupu, lakini alikuwa mtani, na nani anayeamini neno la mtani? Mwanaheri pekee ndiye hakucheka. Kila mzee alipofungua mdomo, yeye aliinama na kuosha kikombe kilichokwisha kuoshwa.

Alhamisi mvua ilinyesha tangu alfajiri, wakachelewa. Mwanaheri alitia vifuko kwa pupa bila kukagua nyuzi. Dakika kumi baadaye Mzee Mikidadi alitoka kibarazani, kikombe mkono wa kushoto, na mkono wa kulia ameshika kifuko kinachodondoka maji.

"Mama Mwanaheri, mkia huu umesukwa na nani?"

Uzi ulikuwa na mafundo matatu.

"Umesukwa na bibi yako, alikosa nywele za kusuka!" Zuleha alijibu, na kicheko kikalipuka kibaraza kizima.

Mzee hakucheka.

"Leo si utani," alisema.

Kicheko kikakatika. Laurenti, aliyekuwa mlangoni, alisogea akautazama ule uzi, kisha akajitazama vidole.

"Mafundo hayo ni yangu," alisema polepole. "Mimi ndiye ninayefunga hivyo. Lakini leo sijanywa chai. Hayo ni ya juzi."

Bi Margareth alitoka baada ya kusikia kimya, maana kibaraza kile hakikuwahi kunyamaza. Alipoelezwa, uso ulimwiva.

"Vifuko vilivyokwisha kutumika? Mnawapa watu wavinywe tena? Mama, unataka kutuua!"

"Wallahi bosi, sijui! Mimi? Mimi niokote mabaki?" Zuleha alijipiga kifua, kisha akamgeukia Mzee Mikidadi, na safari hii hakukuwa na utani hata chembe. "Wewe mzee, umekiokota jalalani! Utani umekushinda sasa unatafuta kunifukuzisha! Nimekukosea nini?"

"Nimekitoa kikombeni mwangu."

"Mwongo mkubwa wewe! Na mvi zote hizo!"

Katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwita Mzee Mikidadi mwongo mbele ya watu.

"Mmoja wenu ananidanganya," alisema Bi Margareth. "Mama, funga vitu vyako, ondoka. Na wewe, mzee, kama umezua fitina kazini, nitajua. Orodha ya watu wa kupunguzwa iko mezani kwangu, na inakwenda Jumatatu."

Mwaka ule serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi, na kila aliyekuwa kibarazani alijua orodha hiyo maana yake ni nini. Mwanaheri alisimama na sinia tupu. Neno moja tu lingetosha. Alikaa kimya kama aliyejaza maji mdomoni, akainama, akaanza kupanga vikombe kwenye kikapu.

Njia nzima mpaka Bigwa Zuleha alikuwa anaongea na mvua. Alimlaani Bi Margareth, akamlaani Hafidhi na maboksi yake, lakini zaidi alimlaani Mzee Mikidadi. Walipofika alitupa ndoo sakafuni.

"Nakwenda kwa shehe! Namsomea Halbadiri, balaa limwangukie mwongo! Kama mimi ndiye mwongo, linipate mimi na mwanangu. Kama ni yeye, limpate yeye huko huko ofisini kwake!"

Mwanaheri alikuwa ameshika ufagio. Mama yake hakuwa mwongo. Mzee Mikidadi hakuwa mwongo. Mwongo alikuwa wa tatu, na alikuwa amesimama palepale na ufagio wake. Akamwona kwa mawazo mzee akikabidhi funguo za ofisi kwa sababu ya jina lililoandikwa kwenye orodha, akasikia tena "na mvi zote hizo." Akauweka ufagio chini.

"Mama, usiende."

"Kwa nini nisiende?"

"Ni mimi."

Alikwenda nyuma ya masufuria, akashusha kikapu, akakiweka mbele ya mama yake. Vifuko vilikuwa zaidi ya arobaini, vimekauka, na mikia imenyooka vizuri.

Zuleha alivitazama muda mrefu. Mkono wake uliinuka, Mwanaheri akafumba macho akisubiri kofi. Halikuja.

"Bi Margareth ulimpa hivi?"

"Hapana, mama. Niliogopa."

"Ulimpa nani?"

"Mzee Mikidadi. Na Issa. Na... Mwajuma."

"Mwajuma!" Sauti ya Zuleha ilipasuka. "Mwajuma anayekuwekea ndizi kila Ijumaa? Anayesafisha choo cha watu kumi ili apate ya kununua kikombe kimoja? Ndiye uliyemwona wa kumnywesha makapi? Na mimi nimekwenda kumtukana mzee wa watu mbele ya ofisi nzima kwa ajili yako, na wewe umesimama unanitazama!"

Mwanaheri alilia. "Nipige, mama."

"Nikupige ili iweje? Fimbo itaisha hapa hapa, lakini jina la mzee bado liko kwenye matope. Beba hicho kikapu. Ofisi inafungwa saa tisa. Shule leo utakwenda ukishamaliza kusema."

"Wote watakuwepo, mama..."

"Ulipowapa hawakuwepo?"

Mvua ilikuwa imekatika walipofika. Zuleha alimwomba Bi Margareth watu watoke kibarazani, na wakatoka, Jesca, Laurenti, Issa, Mwajuma na fagio lake, na mwisho kabisa Mzee Mikidadi, aliyesimama mbali na wenzake. Mwanaheri aliweka kikapu chini.

"Mzee hakusema uongo. Mama naye hakujua. Ni mimi niliyekusanya vifuko nikavianika, nikavirudisha. Nilisema uongo kwa mama, na leo asubuhi nilikaa kimya."

"Astaghafirullah," alisema Issa.

Mwajuma alimtazama tu, na Mwanaheri aliona afadhali angetukanwa.

Bi Margareth alikuwa anafungua kinywa ili afoke, lakini Mzee Mikidadi alitangulia. Hakupaza sauti. Alikuwa amekasirika kwa namna ya watu wapole, ambayo ni mbaya zaidi.

"Cha Bi Margareth kilikuwa kipya?"

"Ndiyo, babu."

"Cha mhasibu?"

"Kipya."

"Na changu cha zamani. Kwa nini mimi?"

Mwanaheri alitafuta uongo mdogo wa kujifunika. Hakuupata, na pengine alikuwa amechoka nao.

"Kwa sababu wewe, babu, huwa husemi kitu."

Laurenti aliangalia pembeni. Mzee alitikisa kichwa mara moja tu.

Zuleha alipiga hatua mbele. "Mzee Mikidadi, nimekuita mwongo mbele za watu, na mbele za watu nakuomba radhi. Na lingine niseme, maana leo ni siku ya kusema. Niliona boksi linachelewa kuisha. Niliona, nikanyamaza, kwa sababu kunyamaza kulikuwa kunanilipia kodi. Kwa hiyo kosa ni la mtoto, na la kwangu pia." Kisha akamgeukia Bi Margareth, na macho yake yalikuwa yanawaka. "Na wewe bosi, nisamehe, lakini nitasema. Ulitaka mkia, hukutaka kuulipia mkia. Ulipopita ukasema bei ibaki palepale, hukuuliza nani atabeba. Bei ya kifuko kimoja inashinda faida yangu ya vikombe viwili. Sitetei alichofanya mwanangu, ni uchafu na ni wizi. Lakini raha yako mwenyewe, ulitakiwa uilipie mwenyewe!"

Hakuna aliyewahi kusema hivyo na Bi Margareth. Uso wake uliiva tena, akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mwanao amecheza na afya za watu," alisema kwa ukali. "Wiki mbili hakuna chai hapa. Bwana afya atakuja kukagua vyombo vyako, vikombe vichemshwe, chujio liwe jipya, lifunikwe. Akiridhika, utarudi." Akakitazama kile kikapu. "Ukirudi, pika chai yako ya sufuria kwa bei yake. Anayetaka kifuko, nikiwemo mimi, atalipa bei ya kifuko. Hapo umesema kweli. Niliagiza usafi, sikuuliza unalipiwa na mfuko wa nani." Halafu akamtazama mzee. "Mzee Mikidadi, nilikutishia na orodha bila ushahidi. Jina lako halimo, na halitakuwemo kwa jambo hili. Naomba radhi."

"Nimesikia," alisema mzee. Alirudi ndani akachukua barua zake za kupeleka.

Wiki mbili zile walikula ugali kwa mchicha wa kuchemsha, na kodi Zuleha alikopa kwa dada yake wa Mlali. Bwana afya alikuja, akanusa, akachungulia, akaridhika. Jumatatu waliyorudi, Mwanaheri alitwanga tangawizi bila kuambiwa. Kibarazani, kikombe cha kwanza alimpelekea Mwajuma, akamwomba radhi, na Mwajuma akakipokea na kumwambia ndizi atazisubiri sana. Cha pili alimpelekea Issa, ambaye alimtikisia kidole, kisha akanywa. Cha tatu alikishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Babu, chai hii usilipe. Leo, na wiki tatu nzima."

Mzee Mikidadi hakukipokea kikombe. Hasira ilikuwa bado iko usoni, imepoa kidogo, lakini iko.

"Ya bure sitaki," alisema. "Unafikiri nilikasirika kwa sababu ya shilingi? Mjukuu wangu, sikiliza, na usikilize vizuri. Mkubwa alimwonea mama yako, ukaumia. Hapo ulikuwa na haki. Lakini hasira yako uliibeba, ukampita mkubwa, ukaja kuitua kwa mdogo. Hivyo ndivyo wanavyofanya watu wengi wazima, na ndiyo maana dunia inanuka. Uaminifu wa mtu haupimwi kwa kikombe anachompa bosi, maana bosi anaogopwa. Unapimwa kwa kikombe anachompa tarishi. Mtu akinyamaza usidhani hajaona. Anayenyamaza naye kalipa."

"Nimeelewa, babu. Nisamehe."

"Kusamehe nitasamehe, ila sitaki zawadi. Nataka kile ninachokilipia."

Alikichukua kikombe kwa mkono mmoja, wa pili akautia mfukoni, akatoa sarafu zake, akaziweka kwenye kiganja cha Mwanaheri moja baada ya nyingine. Kisha akamimina ile chai chini kwenye majani, akamrudishia kikombe kikiwa kitupu.

"Haya," alisema. "Sasa niuzie chai."

Mwanaheri alikwenda kwenye chupa, akasuuza kikombe kwa maji ya moto, akamimina mpaka kikajaa.